Gari linasita ukikanyaga mafuta: anzia wapi kabla ya kununua spea

Kati ya maswali ya magari yanayoingia kwenye simu ya studio, hili linarudi mara nyingi kuliko yote: "Nikikanyaga mafuta gari linasita kwanza, halafu ndiyo linaondoka. Fundi kasema plagi, nimebadilisha, bado." Wengine wanaandika kwamba linakohoa, wengine linamisi, wengine linavuta kwa kustukastuka kama linavutwa na kamba. Wote wanaeleza tatizo moja, lakini sababu zake ziko nyingi, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Aliyetufanya tuandike kwa urefu ni msikilizaji wa Shirimatunda, hapa Manispaa ya Moshi. Ana Toyota IST anayoiendesha kama teksi na, siku za soko, kumshushia mama yake ndizi kutoka Kibosho. Jioni moja alikuwa anaingia barabara kuu ya Arusha akiwa na abiria, mmoja wao amempakata mtoto. Akaona nafasi, akakanyaga. Gari likalala. Kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, lilikuwa limekaa kwa upana barabarani huku lori likija, honi na breki vyote kwa pamoja. Likaondoka, hakuna aliyeumia. "Aisee, yule mama mwenye mtoto alishuka pale pale, hakutaka hata chenji," alituambia. Wakati huo alikuwa ameshanunua plagi nne, koili moja na pampu ya mafuta. Kosa halikuwa kwenye kimojawapo. Tutalirudia gari hilo baadaye, maana namna kosa lilivyopatikana inafundisha.

Tunaandika kwa mwenye gari la petroli la kawaida, yaani zile IST, Noah, Raum, Carina na Premio zinazojaa barabara zetu. Dizeli na pikipiki tutazigusa mwishoni.

Injini inataka nini unapokanyaga

Injini ya petroli inahitaji vitu vinne: hewa, mafuta, cheche ya moto, na njia ya kutolea moshi. Ukikanyaga pedali, kinachofunguka kwanza ni mlango wa hewa, ule mafundi wanaouita throtoli. Hewa ni nyepesi, inaingia mara moja. Mafuta yanatakiwa kuifuata kwa kipimo: kwa kila kilo 1 ya petroli, injini inataka kama kilo 14.7 za hewa, na ukikanyaga kwa nguvu inataka mafuta zaidi kidogo ya hapo. Kompyuta ya gari ndiyo inayopiga hesabu hiyo, kwa kusoma sensa. Hewa ikiingia bila kompyuta kujua, au mafuta yakichelewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, hauwaki vizuri, nawe unasikia gari limesita.

Cheche nayo ina tabia ya kudanganya. Gari likiwa sailensi, limesimama linanguruma, koili dhaifu inaweza kufanya kazi bila shida. Ukikanyaga, silinda inajaa hewa na mafuta, vinabanwa sana, na umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka kwenye ncha ya plagi. Koili iliyochoka inashindwa hapo hapo. Ndiyo maana fundi anaweza kusikiliza gari likiwa limesimama, akasema ni zima, na wewe ukaenda kuaibika kwenye mlima wa kwanza.

Lakini kuna mambo mawili yanayofanana na kusita na siyo kusita. La kwanza ni gia: ukikanyaga, mshale wa mizunguko kwenye dashibodi unapanda, injini inalia, ila gari haliongezi mwendo. Huo ni utelezi wa klachi, au wa gia boksi la otomatiki. Anza kwa kupima mafuta ya gia boksi, si plagi. Mkisita kweli, mshale nao unakwama au unacheza. La pili ni breki inayong'ang'ania. Endesha kilomita chache, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, injini yako haina kosa, inavuta gari lililofungwa breki.

Mlima unaonewa

Wasikilizaji wengi wa Machame, Kibosho, Uru na Marangu wanatuambia gari "linasita kwa sababu ya mlima". Hebu tuuweke mlima mahali pake.

Moshi mjini tuko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye lango la Machame au la Marangu la hifadhi ya Kilimanjaro, umefika kama mita 1,800. Hapo mgandamizo wa hewa ni takriban robo tatu na kitu, karibu na nne ya tano, ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo zaidi kwa kila mzunguko, hivyo inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Hilo ni jambo la kawaida, halina spea.

Angalia lakini namna nguvu inavyopungua. Upungufu wa mwinuko ni laini. Gari linakuwa zito, linataka gia ya chini, lakini linavuta bila kukatakata. Gari lenye sensa linapunguza mafuta lenyewe kulingana na hewa iliyopo. Kwa hiyo likistuka, likikohoa au likikata kisha likarudi, hiyo ni hitilafu, hata kama linafanya hivyo mlimani tu. Mlima unachofanya ni kuibana injini mpaka udhaifu wake uonekane. Gari lenye koili mbovu linaweza kuzunguka Moshi mjini mwezi mzima kwenye tambarare, siku ya kupeleka msiba Kibosho ndiyo linakuangusha.

Kabla ya kufungua boneti, fungua simu

Andika kwenye simu, au jirekodi sauti, linasita lini. Tunajua inaonekana ni kazi ya mtu mwenye nafasi, ila fundi mzuri ataanza na maswali haya haya, na ukimjibu kwa uhakika anaokoa nusu ya siku.

Linasita asubuhi likiwa la baridi, au likishachemka? La baridi tu linaelekeza kwenye sensa ya joto la injini, uchafu kwenye throtoli na kwenye njia za hewa. La moto tu linaelekeza kwenye koili na pampu, vitu ambavyo vikichoka huchoka zaidi vikipata joto.

Linasita unapogusa pedali kidogo tu wakati wa kuondoka, au unapokanyaga mpaka chini? Kusita kwa mguso wa kwanza mara nyingi ni habari ya hewa: throtoli chafu, sensa ya hewa chafu, mpira uliopasuka. Kuishiwa nguvu ukiwa umekanyaga sana, hasa ukishapita mwendo fulani, ni habari ya mafuta kutofika ya kutosha au moshi kushindwa kutoka.

Linasita likiwa limesimama kwenye gia ya N ukilipiga resi, au mpaka liwe linatembea? Swali hili ndilo lililomwokoa yule wa Shirimatunda, na karibu kila mtu analiruka.

Mafuta yalikuwa kiasi gani? Tulikuta dereva aliyelalamika miezi kadhaa kwamba gari linakata kwenye kupanda. Alikuwa anaweka mafuta ya kusogeza siku, taa ya njano haizimi. Gari likiinama, mafuta machache yanakimbilia upande mmoja wa tenki na pampu inavuta hewa. Tena pampu nyingi ziko ndani ya tenki na zinapozwa na mafuta yenyewe. Ukiishi na tenki tupu unaipika pampu pole pole.

Ilianza baada ya nini? Baada ya kuoshwa injini kwa mashine ya maji? Baada ya mvua za masika? Baada ya kujaza mafuta mahali papya? Baada ya fundi kubadilisha eya klina? Kitu cha mwisho kuguswa ndicho cha kwanza kukaguliwa.

Upande wa hewa, ambao hautaki fedha

Anza hapa kwa sababu ni bure. Fungua boksi la eya klina, toa filta, ielekeze kwenye jua. Kama mwanga haupiti, umeshapata mtuhumiwa. Wanaotembea barabara za vumbi za tambarare ya chini, kuelekea Arusha Chini na mashamba ya miwa ya TPC, filta yao haiwezi kungoja kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Kuipuliza kwa upepo kunasaidia mara moja au mbili, upepo ukitokea ndani kwenda nje. Ikishalowa oili au kutoboka, tupa.

Kutoka kwenye boksi hilo kuna mpira mnene, wenye mikunjo kama kordioni, unaokwenda mpaka kwenye throtoli. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ushike kwa mikono miwili, uuvute na kuukunja, umulike kwa tochi ya simu hasa upande wa chini. Mipasuko inapenda kukaa ndani ya mikunjo, mahali jicho halifiki. Kagua klampu za pande zote mbili na vijipira vyembamba vinavyochomoza pembeni. Ukisikia mlio wa "ssss" injini ikiwa sailensi, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma.

Karibu na boksi la eya klina, kwenye magari mengi, iko sensa ya kupima hewa. Ndani yake kuna waya mwembamba kuliko unywele. Vumbi na mvuke wa oili vikiugandia, sensa inaiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo, na mafuta yanatoka machache. Inasafishwa kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa sensa hiyo, kisha inaachwa ikauke kabisa. Usiisugue kwa mswaki, usiiguse kwa kitambaa, usiipulizie upepo wa kompresa. Tumeona sensa nzima iliyouawa kwa mswaki wa meno.

Throtoli nayo hujaa masizi meusi pembeni mwa kisahani chake, na kwa sababu hiyo mguso wa kwanza wa pedali haufungui kitu. Husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Kama throtoli ni ya umeme, isiyo na waya wa pedali, usikisukume kisahani kwa kidole ukiwa umewasha swichi, kina meno ya plastiki ndani. Baada ya kusafisha, sailensi inaweza kupanda kwa muda mpaka kompyuta izoee. Fundi aliyekuonya mapema kuhusu hilo anajua kazi yake.

Plagi na koili

Plagi za kawaida hudumu takriban kilomita 20,000, na zile za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Kwa gari lililotoka Japani likiwa limeshatumika, wewe hujui za kwako zina umri gani. Zitolewe injini ikiwa imepoa, zipangwe kwa mpangilio wa silinda zilikotoka, nawe uzitazame mwenyewe. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta ni mengi au cheche ni dhaifu. Nyeupe kabisa: mafuta ni machache au injini inachemka. Iliyolowa oili: oili inapanda kutoka kwenye pete za pistoni, au inavuja kutoka juu ndani ya shimo la plagi. Hili la mwisho tunaliona sana. Mpira wa kifuniko cha injini umekufa, oili inajaa kwenye shimo, inakula mpira wa koili, na mtu anabadilisha koili kila mwaka badala ya kubadilisha mpira wenyewe.

Kuhusu koili, kuna kipimo kisicho na gharama ambacho kila mwenye gari anafaa akijue. Injini kama ya IST ina koili moja kwa kila plagi. Mashine ikisema silinda ya kwanza inamisi, usinunue koili. Hamisha koili ya kwanza uiweke silinda ya pili, ya pili uiweke ya kwanza. Futa kosa, endesha, pima tena. Kosa likihamia silinda ya pili, koili ndiyo mbaya na umethibitisha. Likibaki la kwanza, koili umeiokoa: hamisha plagi kwa njia ile ile, na kama bado, tafuta kwenye nozeli ya mafuta, waya, au mgandamizo wa silinda yenyewe. Ukiona fundi anakataa kufanya zoezi hilo la dakika kumi lakini yuko tayari kukutuma dukani, jiulize.

Onyo moja. Wapo wanaochomoa koili injini ikiwa inaunguruma ili "kuona cheche". Umeme ule ni wa maelfu ya volti, na chini yake kuna petroli. Uache.

Mafuta, na kilicho ndani yake

Petroli ikichelewa kufika, sababu za kawaida ni filta iliyoziba, pampu iliyochoka, au nozeli chafu. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yana filta ndani ya tenki, imeungana na pampu, chini ya kiti cha nyuma. Kwa kuwa haionekani, husahaulika. Kabla ya kukubali kwamba pampu imekufa, omba ipimwe presha. Kwa IST na nyingine nyingi za aina yake inatakiwa iwe baa 3 na kidogo, na isianguke unapokanyaga. Fundi asiye na geji ya presha anakisia tu, na kisio la pampu ni ghali. Kazi ya kufungua tenki ifanyike nje penye hewa, terminali ya betri imetolewa, na mtu wa sigara akae mbali.

Sasa kuhusu mafuta yenyewe. Watu wazima mnakumbuka enzi za uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko petroli na dizeli, na wajanja waliyachanganya. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyolipiwa kodi yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikapungua sana. Kwa hiyo tusiwe wepesi kulaumu kituo kila gari linaposita. Petroli yenye mafuta ya taa inagonga ndani ya injini kwenye kupanda, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, na inaacha masizi.

Kinachotokea zaidi siku hizi vijijini ni maji na takataka: mafuta ya kwenye chupa na madumu yaliyokaa, au mfuniko wa tenki usiofunga vizuri. Chukua kidogo kutoka kwenye tenki kwenye chupa safi inayoonyesha, iache itulie nusu saa. Maji ni mazito, yatakaa chini kama tabaka la pili. Ukinunua kituoni, dai risiti ya EFD na uitunze angalau mpaka tenki liishe. Bila risiti, malalamiko yako EWURA yanakosa mguu wa kusimamia.

Kwa wenye Noah na Voxy za kuanzia mwishoni mwa 2001 zenye injini ya 1AZ-FSE, na wenye zile Nadia, Vista na Premio za 3S-FSE, tazameni kifuniko cha injini kama kimeandikwa D-4. Injini hizo zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha kubwa. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hivyo haiziooshi, na masizi yanajenga ukuta kwenye njia ya hewa. Gari linasita, sailensi inatetemeka, plagi mpya hazisaidii. Dawa ni kufungua na kusafisha njia hiyo ya hewa, kazi ya siku nzima. Chupa ya dawa ya kumimina kwenye tenki haiwezi kufika pale, kwa sababu petroli yenyewe haipiti pale.

Moshi ukikosa pa kutokea

Kwenye bomba la moshi kuna masega, kile kifaa chenye vitundu kama vya nyuki kinachosafisha moshi. Gari lililomisi muda mrefu hutupa petroli isiyoungua ndani ya masega, nayo yanapata joto kali, yanayeyuka na kuziba. Dalili zake: gari linaondoka vizuri, halafu kadiri unavyokanyaga ndivyo linavyokosa pumzi, kama mtu anayekimbia ameziba pua. Wakati mwingine hata kuwaka linagoma.

Mafundi wengi wanayatoboa au kuyatoa. Gari linapata nguvu, ni kweli, lakini moshi unakuwa mchafu na taa ya injini mara nyingi inawaka isizime. Sisi tunasema hivi: kama masega yameziba, kwanza ujue kwa nini yaliziba. Ukiyatoa ukaacha koili inayomisi, umetibu homa ukaacha malaria.

Mashine ya kupimia si nabii

Taa ya injini ikiwaka, gari lipimwe, na wewe omba namba ya kosa yenyewe, uipige picha. P0300 maana yake silinda zinamisi bila mpangilio. P0301 mpaka P0304 zinataja silinda ipi. P0171 inasema mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi mafuta. P0420 inagusa masega.

Namba haisemi "nunua kitu fulani". P0171 inaweza kuwa mpira uliopasuka, sensa chafu, filta ya mafuta iliyoziba, au pampu. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya bluetooth vinavyosoma namba hizi kwenye simu, ila baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya zamani kidogo, hayaelewani na vifaa vya bei ya chini. Kikikataa, usidhani kompyuta ya gari imekufa.

Ile IST ya Shirimatunda

Gari lile lilipopimwa mara ya kwanza lilitoa P0171. Gereji ya kwanza, ambayo hatuitaji, ikasoma "mafuta machache" na kuuza pampu. Plagi na koili zilikuwa zimeshabadilishwa kabla, kwa kukisia. Likarudi barabarani, likasita vile vile, mpaka ile jioni ya lori.

Fundi wa pili ni mzee wa makamo mwenye gereji ya chini ya mwembe. Alimwuliza swali lile: "Kijana, ukilipiga resi likiwa kwenye N linasita?" Jibu likawa hapana, linapanda safi kabisa. "Na ukiweka D ukaondoka?" Linasita kila mara. "Basi mzee wangu, kuna kitu kinasogea," akasema kijana, nusu kwa utani, na mzee akacheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Raba zinazoshikilia injini, maunti, zilikuwa zimekufa. Kila gari lilipoondoka, injini ilijipinda nyuma, ikauvuta ule mpira wa hewa, na mpasuko wa chini ya mkunjo, urefu wa kidole gumba, ukafunguka mdomo. Hewa ikaingia ikiwa imeshapita sensa, kompyuta haina habari, mafuta yakatoka ya hesabu ya zamani. Injini ikitulia, mpira unarudi, mpasuko unajifunga. Ukiuangalia gari likiwa limesimama huoni kitu. Gari likiwa N injini haijipindi kiasi hicho, ndiyo maana resi ilikuwa safi.

Mpira wa hewa ukapatikana wa mtumba, maunti moja ikanunuliwa mpya. Pampu ya zamani, ambayo alikuwa ameiacha gereji ya kwanza, hakuipata tena. Tangu hapo tunawaambia wasikilizaji: spea uliyotoa ni mali yako, ondoka nayo. Ikibainika haikuwa mbovu, utairudisha au utaiuza.

Kama unataka kuona jambo hili kwenye gari lako, mwachie fundi aliweke gia akiwa ameshika breki na kuweka mawe kwenye matairi, mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari, na lisifanywe kwa zaidi ya sekunde chache, maana gia boksi linachemka. Wewe nyumbani kukunja mpira kwa mkono kunatosha.

Dizeli na bodaboda, kwa kifupi

Hiace, Canter na pikapu za dizeli hazina plagi za cheche. Zikisita, tazama filta ya dizeli kwanza, nyingi zina koki ya kutolea maji chini yake. Ifungue mpaka yatoke mafuta matupu. Halafu tafuta mahali hewa inapoingilia kwenye mipira ya mafuta: unyevu wa dizeli kwenye viungo ni ishara. Moshi mweusi mzito wakati linasita ni upungufu wa hewa au tabo inayovuja. Moshi hakuna na nguvu hakuna ni mafuta hayafiki. Dizeli ikishaingiwa hewa itakusumbua mpaka utoe hewa hiyo kwa kupampu, usichoke kuwasha mpaka betri ife.

Pikipiki zenye kabureta zinapokea hesabu moja ya mafuta popote zilipo. Iliyosetiwa Moshi mjini ikifika juu Kibosho inapata mafuta mengi kuliko hewa, inakohoa na kutoa moshi mweusi. Hakikisha choki haijabaki imevutwa, safisha eya klina na kikombe cha kabureta, na kama unaishi juu, msetie fundi wa huko huko juu.

Mpaka gari litengenezwe, punguza mambo mawili: kuyapita malori kwenye mabonde ya Karanga, Weruweru na Kikafu, na kuingia barabara kuu kwa nafasi ndogo. Na unapokwenda gereji, mpe fundi simu asikilize uliyorekodi, kisha umpeleke barabarani akae kwenye kiti cha abiria mpaka gari lisite mbele ya macho yake. Kama hana muda wa kupanda, tafuta mwingine.